Levye ya Pili ya Trekta Yetu

Juru, Nakivale
20 Juni 2004

Kwako mdogo wangu Constantin,

Amani ya Bwana ikukute wewe, wifi yangu Madeleine na watoto. Sisi huku tunapumua. Goti langu linanisumbua nikipanda kutoka kisimani, lakini la mtu mzima hilo, nimelizoea. Maharage yametoka vizuri. Mahindi tunapukuchua kila siku mpaka vumbi lake limetujaa puani. Yvette ni mzima, anashona mapazia ya nyumba ambayo bado hajaolewa ndani yake, na hapo ndipo neno langu linapoanzia.

Ni huyu Joël. Wewe ndiye uliyesema mchumba wa Yvette apewe trekta aiendeshe, isishikwe na mtu wa nje. Nilikubali. Sina ugomvi na kijana anayeimba kanisani, lakini macho ninayo. Kila Jumatatu anapeleka magunia sokoni Kaberebere na remoki, lile tela la nyuma. Yule dereva wa kwanza alikuwa akiondoka alfajiri na kurudi jua linazama. Joël anaondoka watu wamekwisha kunywa chai, na kabla sijaepua maharage ya mchana namsikia anapanda kilima. Constantin, trekta ile ni kizee. Siku tulipoinunua kwa Mzee Rwakabuba pale Kabingo, ulinicheka ukasema inatembea kama bibi harusi. Sasa imepata wapi miguu?

Mimi nasema hafiki Kaberebere. Anashusha mzigo mahali hapa karibu, kwa mtu tusiyemjua. Labda ana nyumba Kabingo, na mwanamke ndani yake.

Nilimwuliza mwenyewe. "Joël, ulifika mu Kaberebere kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Na mbona unarudia mbiyo hivi?"

Akatazama vidole vya miguu yake. Najua, kwetu mkwe habishani na mama mkwe. Ni ndiyo mama, hapana mama, macho chini, na maelezo marefu hayapo. Hata marehemu mume wangu alimheshimu mama yetu hivyo. Lakini heshima nayo ni pazia, mtu anaweza kuficha mengi nyuma yake.

Harusi ni Desemba. Kama anatuibia sisi leo, kesho atamfanyia nini mtoto wangu? Wewe unajua mashine. Niambie: trekta ile inaweza kwenda Kaberebere na kurudi kabla ya chakula cha mchana? Ukisema haiwezi, navunja uchumba.

Nampa jirani yangu Eliane barua hii, anakuja Mbarara kununua vitenge.

Dada yako,
Marthe


Mbarara
14 Julai 2004

Yaya Marthe,

Nakusalimu kwa heshima, dada yangu mkubwa. Barua yako ilifika lakini Madeleine alikuwa na malaria, na hapa dukani kwa Yasiin wateja wa vipuri wamekuwa wengi, ndiyo maana nimechelewa. Sasa anakula. Mtoto wetu mdogo ameota meno na kuuma kila mtu.

Kuhusu ulilouliza, jibu ni fupi. Haiwezi. Trekta ile ina gia nne, na ya nne ndiyo mwisho wake. Nimeuza vipuri vya matrekta miaka mingi, hakuna wa kunifundisha. Ukiniambia imekwenda na kurudi kabla ya mchana, mimi nasema haikwenda.

Lakini usivunje uchumba kwa maneno yangu peke yake. Mwambie Eliane, naye huwa sokoni Kaberebere kila Jumatatu, amwangalie bila kujionyesha. Ahesabu magunia yanayoshuka. Kama hayafiki, niandikie nami nitakuja kuzungumza na wazee wake. Ningekuja hata sasa ila kazi haziniachii nafasi.

Msalimu Yvette. Mwambie mjomba wake anasema mapazia yanaweza kungoja.

Mdogo wako,
Constantin


Juru
25 Julai 2004

Mdogo wangu,

Pole kwa kuuguza. Mchemshie Madeleine supu ya kuku, usimpe chai tupu kama ninavyokujua. Huku upepo umebeba bati la jiko langu, na mbuzi wa jirani amekula mapazia mawili ya Yvette. Nilicheka peke yangu.

Eliane amekwenda. Amejificha nyuma ya wauza ndizi, amemwona Joël akiingia sokoni. Magunia yameshuka yote, hata moja halikupungua. Eliane anasema hakuzungumza na mwanamke yeyote isipokuwa muuza chapati, na huyo ni bibi kizee.

Ulifikiri nitafurahi. Sikufurahi, nimezidi kuogopa. Kwa maana kama anafika, basi anafika kwa nguvu gani? Nikamshika Yvette. Akaniambia, "Mama, iko levye ingine kidogo. Joël njo anaivuta mu barabara." Nikamwambia msichana mwenye mapenzi anaweza kuambiwa trekta inaruka na akasema amen.

Hata hivyo nikaenda kutazama. Ipo, Constantin, mkono mwingine wa kuvuta. Si ile ya gia, na si ile tunayotumia kuzungusha mashine ya kupukuchua. Hizo nazijua, mashine ya mahindi huwa naiwasha mimi mwenyewe. Hii iko chini, upande wa kushoto, karibu na pedali ya klachi. Ni fupi, ina kichwa cha chuma kilichosuguliwa na mikono, na imepakwa rangi ya kijivu kama mwili wa trekta, hivyo hata ukipita kila siku huioni. Joël alitokea nikiwa nimeinama pale, akarudi nyuma kama aliyekanyaga moto, akaenda zake.

Ameifunga nani? Mbona hukuniambia? Kama ni Joël, chuma hicho amekipata wapi, na nani anakitafuta? Sitaki polisi wa Kabingo waje kunichukulia trekta uani. Na kuna watu hapa Juru wanaosema kuna madereva wanaotembea kwa dawa. Mimi ni mtu wa kanisa, siamini, lakini nimesikia.

Nijibu mapema safari hii.

Marthe


Mbarara
29 Agosti 2004

Yaya,

Salamu nyingi. Madeleine amepona, anasema supu ilikuwa na chumvi nyingi. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika ukuta.

Usiogope dawa wala polisi. Levye hiyo naijua tangu zamani, nilisahau tu kukutajia. Inaitwa ovadraivu. Haikutoka kiwandani na trekta. Ni kisanduku kidogo cha gia ambacho watu wenye mashamba walikuwa wakinunua kando na kukifunga kati ya injini na gia kubwa, ili trekta isichoshe barabarani. Mzee Rwakabuba aliikuta tayari imefungwa, au aliifunga yeye. Wengine hufunga kile cha kupunguza mwendo, kwa ajili ya kulima ardhi ngumu, na levye zake zinafanana. Kwa hiyo lazima mjue chenu ni kipi.

Jaribu hivi, kwa kuwa mashine ya mahindi unaiwasha mwenyewe. Weka mawe kwenye magurudumu. Gia kubwa iwe huru. Washa, kanyaga klachi, ingiza ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya mahindi. Injini ingurume kwa sauti ile ile, usiongeze mafuta. Levye ndogo ikiwa nyuma, tazama shafti inavyozunguka. Kanyaga klachi tena, isukume levye mbele, tazama tena. Shafti ikizidi mbio na injini haikubadilika, hiyo ni ovadraivu. Ikipungua, ni kile kingine. Usiiguse bila kukanyaga klachi, na trekta ikiwa inatembea usiiguse kabisa, meno yatasagika. Ni ya barabara ya tambarare. Shambani na kwenye mteremko irudishwe nyuma.

Sasa na mimi nina swali langu. Joël alipoenda kuchukua trekta Kabingo, bila shaka dereva wa Rwakabuba alimwonyesha. Mbona hakuniambia mimi niliyeinunua? Wewe ni mama mkwe, hawezi kukueleza. Mimi ni mwanamume, angeweza kunitumia neno. Mtu anayejua jambo la mashine ya watu na kulifunga mdomoni, simwamini. Kwa hiyo jaribu akiwa hayupo. Tujue kwanza sisi, ndipo tumwulize na kusikia atasema nini.

Constantin


Juru
19 Septemba 2004

Mdogo wangu Constantin,

Nakuandikia nikiwa na moyo mzito, lakini tusalimiane kwanza. Mvua imeanza. Tumepanda maharage ya mbegu. Watoto wa jirani wana surua, nyumba yetu imepona.

Trekta imeteremka. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, remoki imejaa mahindi, imeegeshwa uani kwangu ikitazama bondeni, mahali pake pa siku zote. Joël aliondoa mawe kwenye magurudumu kabla hajapanda, kama anavyofanya daima, kwa kuwa gia huwa inaishikilia. Haikushika. Ilianza kwenda yenyewe. Akakimbia mbele na jiwe mkononi, akalitupa chini ya gurudumu, gurudumu likalipanda jiwe na kumshika yeye mguu. Bondeni kulikuwa na wanawake wanalima. Jiwe lile liliigeuza trekta ikaenda kugonga kichuguu, hakuna mwanamke aliyeguswa. Mguu wa Joël umevunjika chini ya goti. Yuko kituo cha afya, wamemfunga plasta.

Trekta haina kitu. Watu walikuta gia imeingia vizuri, lakini levye ndogo ilikuwa katikati. Mzee Nehemiya, mzee wetu wa kanisa, alikwenda kumwuliza kitandani, nami nilikuwa nimesimama mlangoni. "Joël, nani aliacha levye mu katikati?" Akajibu, "Ni miye, baba. Nilisahau."

Kwa hiyo amekubali mwenyewe. Nehemiya ameitisha kikao tarehe kumi na sita Oktoba. Wanawake waliokuwa bondeni hawataki hata kumwona. Wanasema aondolewe kwenye trekta, na wazee wake wenyewe wameanza kusema harusi isimame, wanaona aibu. Yvette hali, halali, hazungumzi na mimi.

Yale majaribio uliyoniandikia sikupata nafasi ya kuyafanya. Ninakuuliza tu kwa kutaka kujua: levye ile inaweza kujisogeza yenyewe? Pengine kwa mtikisiko? Na ni kweli kwamba ikiwa katikati shafti ya nyuma inasimama kabisa hata injini ikinguruma? Je, ndiyo kusema imeharibika?

Nilitaka utume neno kwa Nehemiya. Sema unavyoona wewe.

Marthe


Mbarara
3 Oktoba 2004

Yaya Marthe,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Pole kwa yote, na mpe pole Joël. Madeleine na watoto wazima.

Safari hii nilikwenda kwa Faruku, fundi aliye nyuma ya duka letu, na sikujifanya kitu. Hata katika barua ile ya Agosti, yote niliyokuandikia yalikuwa yake. Mimi levye hiyo sikuwa nimewahi kuiona. Aliniambia mbele ya wateja, "Wewe nauza speya miaka mingi, na ovadraivu hapana jua?" Wakacheka. Leo nikamwuliza habari ya katikati. Akaacha kucheka. "Katikati iko nyutro, ssebo. Injini na gia hapana shikana tena. Wewe nasimamisha trekta kwa mulima na gia, levye iko katikati, trekta nakwenda. Hii kitu nauwa watu."

Haijaharibika, basi. Ndivyo ilivyo. Na haijisogezi yenyewe, Faruku anasema ina spiringi ndani, inataka mkono.

Yaya, katika barua yangu niliandika mbele na nyuma. Katikati sikuitaja, kwa sababu sikuijua. Joël hazungumzi na wewe. Yvette anajua tu kwamba levye ipo. Na wewe unasema majaribio hukuyafanya. Basi shafti inayosimama injini ikinguruma uliiona wapi?

Usinijibu hilo. Sitaki kulisoma.

Nilikuwa nimekwisha kumwandikia Nehemiya kwamba kijana aondolewe na harusi ivunjwe, kwa kuwa mtu aliyekubali kosa amelikubali. Barua hiyo nimeichana. Sitaandika nyingine, na kikaoni siji. Neno la nyumba yetu utalisema wewe, ukipenda kusema.

Constantin


Juru
17 Oktoba 2004

Mdogo wangu,

Goti limepoa, ama nimelisahau. Maharage yameota. Kikao kimepita jana, na nakuandikia kabla Eliane hajakupelekea maneno yake.

Ulisema nisikujibu, lakini mimi ndiye mkubwa. Ilikuwa Jumapili ile kabla ya ajali. Nilibaki nyumbani nikasema ni goti. Wao wakiwa kanisani niliwasha trekta, mawe yakiwa magurudumuni. Levye ikiwa nyuma, shafti ikazunguka. Mbele, ikazidi mbio, nikafurahi kwamba mkwe wangu si mchawi. Nilipotaka kuirudisha ilikwama katikati, shafti ikasimama, injini bado inanguruma. Nikadhani nimeivunja. Nikasikia watu wanatoka kanisani, nikazima haraka, nikarudisha gia kama nilivyoikuta, nikaingia ndani kuchambua mchele. Levye niliiacha pale pale. Nilijua kwamba si Joël tangu Nehemiya alipomwuliza, na nikasimama mlangoni kama mti. Niliona haya, Constantin, na niliogopa kwamba Yvette hatanisamehe.

Watu walikuwa wengi kikaoni. Wanawake wa bondeni walikaa mbele. Joël aliketi kwenye mkeka kando, magongo ubavuni, macho chini. Nehemiya akasema kijana amekubali, kilichobaki ni kusikia neno la mama wa msichana.

Nikasimama na kuku mkononi, yule jogoo mwekundu. Unajua kwetu ni nini mama mkwe anapompa mkwe kuku kwa mkono wake: mwiko wa maneno umeondoka, wanaweza kutazamana na kusema. Hutolewa baada ya mtoto wa kwanza. Hakuna aliyewahi kuona akitolewa kabla hata ya harusi. Wamama wakaguna. Nehemiya akasema, "Mama Yvette, hii si wakati yake."

Nikamwambia, "Baba, uniache. Mkwe ni wangu."

Nikamwekea Joël kuku mapajani. "Leo nimekufungulia kinywa. Unitazame. Ile levye, nani aliiacha mu katikati?"

Alinitazama. Sikuwa nimewahi kuona macho yake vizuri, ni ya mtoto kabisa. Jogoo anapiga mabawa, yeye anamshika kwa mkono mmoja. Nikafikiri: sasa atasema, na apate kusema, hata kama ni kwa hasira.

"Ni miye, mama," akasema. "Nilisahau."

Nikageuka kwa watu. Nikawaambia, "Muone huyu mutoto. Tangu mwezi wa sita niko naita huyu mutoto mwongo, nilituma hata bantu bamuchunge mu soko. Hajatudanganya hata siku moja. Leo njo anadanganya mara ya kwanza, na anadanganya juu yangu, ili anifiche. Ile levye niliiacha miye. Mukono ni huu."

Mmoja wa wale wanawake wa bondeni akaanza kulia, sijui kwa ajili ya nani. Nikamwuliza Joël, mbele ya wote, mbona alinibebea. Ulijua kwamba si wewe, nikamwambia, unaiacha nyuma kila siku.

Akajibu polepole, kama mtu anayejaribu daraja jipya. "Mama, nilijua. Lakini nilikuwa nitasema nini? Niseme ni wewe?"

Nikamwokotea magongo yake.

Harusi iko tarehe yake. Trekta ni yake akipona. Yvette bado hajazungumza na mimi, lakini jioni aliniwekea chakula. Njoo Desemba, Constantin. Safari hii usitume barua.

Marthe